Jengo Lenye Ardhi Mbili

Kwa miaka thelathini na minane nilisoma kipimamvua cha shule yangu kila siku saa tatu kamili asubuhi, na katika muda huo wote sikuwahi kumwuliza mtu yeyote njia. Nilikozaliwa na kufundisha ni tambarare tupu. Mtu akisimama uwanjani huliona jua likichomoza, likimpita utosini na kuzama, na akili yake ikatulia. Kwa hiyo niliposhuka kwenye basi katika mji ule mdogo wa chuo kikuu, uliobanwa na milima pande zote, nilihisi kwamba kuna kitu kimeondolewa. Nilikitafuta kwa macho muda mrefu kabla ya kutambua kuwa ni upeo wa mbingu.

Alinipokea mjukuu wangu wa kike. Tangu akiwa na miaka mitano nilimwita Karani, kwa kuwa ndiye aliyenishikia kalamu nilipoinama kusoma kipimo, na jina hilo likamganda. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye miwani, na siku ya tatu yake angesimama mbele ya watahini kuitetea tasnifu ya uzamivu. Aliiandika juu ya mvua za tambarare yetu, na msingi wake ulikuwa madaftari yangu manne. Watahini walikwisha kuyaona katika picha, lakini mmoja wao alisisitiza kwamba siku hiyo yawepo mezani yenyewe, karatasi na wino. Yasipokuwepo, sura nzima ya kituo chetu cha kupimia mvua ingefutwa. Karani aliniandikia kwamba bila sura hiyo hana tasnifu, ana utangulizi na shukrani tu.

Aliunyoshea mkono mkoba wangu.

"Nipe nikubebee, Babu."

"Chukua lile begi la nguo. Madaftari hapana."

"Yatakaa kwenye kabati langu, chini ya kufuli."

"Soma jalada."

Hakuwa na haja ya kulisoma. Alilijua kabla ya kujua kusoma. Lilipigwa chapa: *Daftari hili lisiondoke mikononi mwa msomaji ila kwa idhini ya maandishi.*

"Babu, ofisi iliyokuwa ikitoa hiyo idhini ilishafungwa zamani."

"Ofisi ilifungwa. Amri haikufungwa."

"Haya, Mwalimu Mkuu," alisema akicheka, akajitwika begi la nguo begani.

Alinipangia chumba juu ya duka la fundi wa kujalidi vitabu. Mtaa mzima ulinuka gundi na wino. Kila baada ya milango miwili palikuwa na mashine ya kunakili, na mbele ya kila mashine msururu wa vijana wenye makaratasi. Baadhi ya mitaa haikuwa mitaa bali ngazi: unatoka mlangoni kwako unakanyaga kidato cha arobaini. Nguo zilianikwa juu ya paa za majirani, kwa sababu paa la jirani wa chini liko usawa wa kibaraza cha jirani wa juu. Mto ulipita katikati, na juu yake palikuwa na madaraja mawili yaliyofanana kama pacha. Nilitazama yote hayo nikasema moyoni kwamba mji usioeleweka ni mji usiopimwa bado.

Asubuhi ya pili niliamka mapema, nikakaa dirishani na daftari dogo, penseli na dira yangu ya kufundishia. Bonde lilikuwa bado gizani, lakini kilele cha mlima mmoja kilikuwa kimeshika nuru, na nuru ile ikateremka pole pole. Niliandika *Mashariki* upande huo. Kisha nikaitazama dira. Ilikuwa ikinionesha kinyume kabisa.

Somo la dira nimelifundisha tangu ujana. Niliwaambia wanafunzi wangu kwamba milima yenye madini ya chuma huipotosha sindano. Kwa hiyo niliifunga dira, nikaitia mfukoni, nikaendelea na ramani yangu kwa kutumia nuru. Karani alipoleta chai aliinama kuiangalia.

"Babu, mashariki si huku. Jua linatokea nyuma ya ule mlima mwingine. Hapa linaanza kumulika upande wa pili kwanza, halafu ndiyo linatufikia sisi."

"Jua hutoka linapoonekana nuru yake."

"Na dira inasemaje?"

Nikamweleza habari za chuma. Aliuma midomo. Alilelewa vizuri, na mtoto aliyelelewa vizuri hambishii babu yake mbele ya chai.

Jioni alinipeleka kunionesha mahali penyewe. Nilihesabu hatua na kuandika kila pembe. Kwenye daraja la pili palikuwa na uwanja mdogo wenye barabara tatu. Tulishika ile niliyoiita ya mashariki; ikaenda, ikajipinda, ikapanda mpaka nikasimama mara mbili kujifanya natazama mandhari. Hatua ya mia tisa na kumi tulifika kwenye jengo jeupe la ghorofa mbili, lenye paa la vigae vyekundu. Tuliingia mlangoni moja kwa moja, bila kupanda hata kidato kimoja, na mlango wa tatu mkono wa kulia ukawa ndio wenyewe. Juu yake paliandikwa 412.

"Mbona mia nne, na tuko chini?"

"Ndivyo wanavyohesabu huku, kwa sababu jengo..." Simu yake ikalia. Ilikuwa ya msimamizi wake, na alipomaliza kuongea tulikuwa tumefika njiani tukiteremka, na swali langu limebaki mlangoni.

"Kesho nitakuwa hapa saa moja kuandaa," alisema. "Rafiki yangu atakufuata saa mbili akulete."

"Mimi ni kifurushi?"

"Babu, tafadhali. Kesho tu."

"Nina ramani."

Alinitazama, kisha akautazama mkoba uliokuwa kwapani mwangu. "Saa tatu, Babu. Yule mtahini aliyetaka madaftari, yule mwembamba, hana mzaha."

"Saa tatu," nilimwambia, "ni saa yangu."

Siku ya tatu niliamka nikadhani nimepofuka. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni mpaka kwenye kioo cha dirisha. Hapakuwa na mlima, hapakuwa na nuru, hapakuwa na paa la jirani. Nilivaa suti, nikafunga tai, nikakumbatia mkoba, nikatoka saa mbili kasorobo. Hatua zilinifikisha darajani bila tatizo. Hapo uwanjani zile barabara tatu zilitoka kwenye ukungu na kurudi kwenye ukungu, zote zimelala tambarare mwanzoni, kila moja ina taa moja ya manjano. Ramani ilisema mashariki. Lakini mashariki ni wapi pasipo jua?

Nilifikiri kama mwalimu. Nikakumbuka kwamba pale darajani niko mbali na miamba, na kwa hiyo chuma cha milima hakina nguvu juu ya sindano. Niliitoa dira, nikaiamini kwa mara ya kwanza katika siku mbili, nikashika mashariki yake.

Baadaye Karani alinieleza kwamba dira ilikuwa sahihi tangu mwanzo, na ramani ndiyo iliyokuwa imepinduka. Nilichukua chombo cha kweli nikakitumia kusoma karatasi ya uongo. Lakini asubuhi ile nilitembea kifua mbele. Niliona ajabu kidogo kwamba ule mpando wa jana haupo, nikajipongeza kuwa mapafu yangu yameshazoea.

Hatua ya mia tisa na kumi nilikuwa mbele ya jengo la mawe ya kijivu. Kibao chake kilitaja idara ya mjukuu wangu. Kuta zake zilipanda zikamezwa na ukungu, mwisho wake sikuuona. Nikajiambia kuwa labda jana sikuangalia vizuri. Niliingia; nyuma ya mlango wa tatu mkono wa kulia palikuwa na mabomba, madumu na ufagio.

Mlinzi alikuwa akinywa uji mezani pake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Natafuta 412."

"Iko juu, mzee. Ghorofa ya nne. Ngazi hizo hapo."

"Haiwezekani. Chumba ninachokitafuta hakina ngazi. Nilikiingia jana kwa miguu yangu."

Alilitazama bakuli lake la uji kama lina jibu. "Kama hakina ngazi, basi si hapa. Hapa ngazi zipo."

"Ndivyo ninavyoona na mimi," nilisema, nikamshukuru, nikatoka.

Kuanzia hapo siwezi kueleza kwa mpangilio. Nilivuka daraja nikadhani ni la kwanza, kumbe la pili. Nikarudi nikalikuta la kwanza likiwa upande ambao halikuwepo. Niliingia kwenye jengo jingine jeupe, nikafungua mlango wa tatu kulia, nikakuta vijana mia moja wakiandika, na mhadhiri akaniambia kwa upole, "Karibu, mzee, kuna nafasi nyuma." Nilipanda ngazi za mtaa nikatokea mahali nilipoanzia, au palipofanana napo. Maji ya mto niliyasikia kushoto, kisha kulia, na kuna wakati niliyasikia juu yangu. Kengele ya chuo ikagonga saa tatu. Mkono wangu, kwa mazoea ya miaka, ulikwenda mfukoni kutafuta penseli.

"Babu!"

Alikuwa mama wa usafi, na ndoo na kitambaa, akifuta kibao cha kituo cha basi. "Hii mara ya tatu unanipita. Unafanya mazoezi?"

"Natembea."

"Na tai? Unatembea kwenda wapi?"

Nimewaambia watoto wengi wakubwa kwa wadogo kwamba mtu mwenye akili hujua alipo.

"Nimepotea," nilisema.

"Sasa si ungesema mara ya kwanza? Unakwenda wapi?"

Nilimwonesha karatasi niliyoandika jina la idara na 412. Aliisoma, akaacha ndoo pale pale, akanishika kiwiko kama anayevusha mtoto barabara. Tulikwenda kwa dakika kumi. Ukungu ulipopasuka kidogo niliona mawe ya kijivu, nikasimama.

"Mama, humu nimeshatoka."

"Na sasa utaingia tena."

"Nakuhakikishia si humu. Chumba chenyewe kiko chini."

"Kiko chini na kiko juu, babu. Jengo hili lina ardhi mbili. Twende."

Mlinzi aliinua macho. "Si ndiye huyu mzee aliyekataa ngazi?"

"Ndiye," alisema mama wa usafi. "Na wewe hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Alisema ameingia jana kwa miguu yake. Mzee wa watu na tai, nimbishie?"

Tulipanda. Nilizihesabu ghorofa kwa sauti ili nisidanganywe: moja, mbili, tatu, nne. Mama wa usafi akasukuma mlango, na mbele yetu pakawa na ukumbi mweupe wa jana. Mwisho wake mlango ulikuwa wazi, na nje ya mlango, kwenye ghorofa ya nne, palikuwa na barabara, na juu ya barabara gari limeegeshwa. Nilisimama nikilitazama lile gari. Nimesimamia ujenzi wa madarasa sita na nyumba nne za walimu, na kila moja ilikuwa na ardhi yake moja.

"Ndiyo hivyo, babu," alisema mama wa usafi. "Jengo limeegemea mlima. Barabara zote mbili za darajani zinafika hapa, moja juu, moja chini. Mimi ndoo yangu itaibiwa." Akashuka.

Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini nilipofungua 412.

Karani alikuwa amesimama mbele ya ubao, uso umempauka. Mezani walikaa watatu: mwenyekiti, ambaye ni profesa wa kike mwenye mvi; kijana mnene ambaye hakusema neno mpaka mwisho; na yule mwembamba, miwani imemshuka puani. Niliomba radhi kwa kuchelewa. Nilikuwa sijawahi kutamka sentensi ile, na ikatoka vibaya. Nikafungua mkoba, nikayapanga madaftari manne mbele yao.

Yule mwembamba hakupoteza muda. Alifungua la pili, akalipekua mpaka ukurasa aliokwisha kuuwekea alama kwenye nakala yake ya picha.

"Huu ndio mwaka wa mvua kubwa," alimwambia Karani. "Nusu ya hoja yako imesimama hapa. Siku sabini na moja mwandiko unalalia upande mwingine. Nani alisoma?"

"Babu yangu," Karani alijibu. "Sahihi yake iko chini ya kila mwezi. *Nimesoma mwenyewe.*"

Nilipousogelea ukurasa ule nikaujua mara moja. Mwaka ule nilianguka kutoka juu ya paa la darasa, nikavunjika nyonga, nikalazwa hospitali ya mbali siku sabini na moja. Niliporudi nililikuta daftari limejazwa. Aliyelijaza ni mke wangu. Nililitia sahihi siku ile ile, nikalifunga, na hatukulizungumza tena mpaka alipofariki. Hapakuwa na mtu hai aliyelijua jambo lile ila mimi.

Ningesema ndiyo, na shughuli ingekwisha. Karani alinitazama akisubiri niitikie kichwa tu. Lakini nilijiona nimesimama tena kwenye uwanja wa daraja, karatasi mkononi, karatasi niliyoichora mwenyewe kwa uhakika mkubwa, nayo imepinduka.

"Si mimi," nilisema.

"Babu?"

"Nilikuwa hospitalini. Alisoma mke wangu."

Yule mwembamba alivua miwani. "Na sahihi?"

"Ni yangu. Msomaji asiye na cheti hakuruhusiwa. Kituo kingefungwa." Nilitaka kuishia hapo. "Na nilikuwa mwalimu mkuu, naye alisoma madarasa manne tu. Niliona aibu."

Karani aliketi. Nilijua nimemvunjia nyumba aliyoijenga miaka mitano.

"Ulimfundisha kusoma kipimo?" aliuliza mwenyekiti.

"Hapana."

"Basi alijuaje?"

Nilifikiri. Nililitafuta jibu kila pembe ya kichwa changu, kama nilivyolitafuta lile daraja. "Sijui," nilisema.

"Mimi najua," alisema Karani kutoka kitini. "Mimi mwenyewe nilifundishwa na Bibi. Babu alinipa kalamu nishike. Bibi ndiye aliyenionesha kuyasoma maji chini katikati, si pembeni yanapoparamia kioo. Tulikuwa tunapima vikombe vya maji jikoni."

Nilimgeukia. "Mimi ndiye niliyekufundisha."

"Wewe ulinisahihisha, Babu. Alinifundisha Bibi."

Kwa miaka ishirini na mitatu nimemsimulia kila aliyenitembelea jinsi nilivyomfundisha Karani kusoma mvua, na mke wangu, enzi za uhai wake, akiwepo pale pale, akimimina chai.

Yule mwembamba alikuwa hasikilizi. Alikuwa ameinamia ukurasa, kidole kikitembea pambizoni. "Ameandika saa," alisema, kama anajisemea. "*Saa tatu na robo. Nimechelewa, daraja lilijaa maji.* *Saa tatu. Kimejaa mara mbili, nimepima ya kwanza nikaimwaga.* Na hapa..." Aligeuza daftari mwenyekiti aone. "Siku ya arobaini na nne. *Mbuzi ameangusha kipimo usiku. Sijui.*" Akanitazama juu ya meza. "Mzee, katika madaftari manne neno hili liko mara moja tu. Wewe miaka yote hiyo hukuangushiwa kipimo hata siku moja?"

"Hata siku moja," nilijibu. Nilisema kweli. Lakini nilisikia jinsi inavyosikika.

"Anayeandika *sijui* namwamini," alisema, akavaa miwani.

Tulitolewa nje. Tulikaa kwenye benchi la ukumbini, kati ya mlango unaotokea barabarani na mlango unaotokea kwenye ngazi. Karani alikunja karatasi mpaka ikawa ndogo kama punje.

"Umenikasirikia?" niliuliza.

"Nimechanganyikiwa, Babu. Niulize kesho."

Mwenyekiti alituita baada ya dakika ishirini. Tasnifu ilipita, kwa sharti la marekebisho: zile siku sabini na moja zilinganishwe na vituo viwili vya jirani, safu ya msomaji ibadilishwe katika majedwali yote, na mimi nisahihishe daftari pale pale mbele ya jopo, kwa mkono wangu.

Yule mwembamba alinipa kalamu yake. Nilikata maneno *Nimesoma mwenyewe* kwa mstari mmoja ulionyooka, kama inavyotakiwa, ili yaliyokatwa yasomeke. Chini yake nilipaswa kuandika jina. Kwa miaka arobaini na moja nilimwita Mama Watoto, na kabla ya hapo nilimwita *wewe*. Mara ya mwisho kuliandika jina lake ilikuwa kwenye cheti cha ndoa. Niliandika jina lake, la baba yake na la babu yake, mara tatu, kwa miezi mitatu. Karani alisimama nyuma yangu, na safari hii ndiye aliyenishikia karatasi isiteleze.

Kisha nikayafunga madaftari, nikampa yote manne.

"Na idhini ya maandishi?" aliuliza.

"Nipe karatasi nikuandikie."

Nilimwandikia. Tulipotoka ukumbini ukungu ulikuwa umeinuka. Kwenye mlango mmoja niliona barabara na lile gari. Kwenye dirisha la upande wa pili niliona paa za mji chini sana, mto, na daraja moja; la pili sikuliona. Jua lilikuwa limefika bondeni, lakini sikuweza kusema limetokea wapi.

"Tunatoka mlango gani?" nilimwuliza.

"Wowote, Babu. Yote miwili iko chini."

Nilisimama nikayatafakari maneno hayo. Bado nayatafakari. Yeye alinishika kiwiko, madaftari kwapani mwake, tukaenda.